Kiwanja cha Mbwa Katika Mji wa Rumonge: Mashauri kwa Wenye Kupanga

Mkaazi wa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, akishauriwa kwamba mji wake utenge kiwanja kwa ajili ya mbwa, huenda akacheka kabla ya kuuliza habari, maana katika mji ambao wavuvi hawana mahali pa kutosha pa kuanikia ndagala, yaani dagaa, na ambao nyumba za watu zimeingiwa na maji ya ziwa hata wenyewe wakahama, kumpimia mbwa ardhi kwaonekana kuwa ni israfu iliyoazimwa kwa watu wenye nafasi na fedha za kuchezea. Cheko hilo lina haki yake. Kiwanja cha Ohlone, kilichofunguliwa Berkeley, California, mwaka 1979, ambacho hutajwa kuwa ndicho cha kwanza cha namna hii, kilifanywa kwa watu ambao mbwa wao hawana kazi ila kuwa sahibu wa nyumbani. Na mwenye kuichukua ramani ya Berkeley akaitandika juu ya mwambao wa Tanganyika atapata ua mzuri wenye majani mabichi na ndani yake hamna mbwa hata mmoja, kwa kuwa mbwa wa Rumonge, ambaye usiku hulinda nyumba na mchana hujitafutia riziki yake mwaloni, hana haja ya kupelekwa matembezi.

Walakini haja ipo, nayo ni nzito kuliko ile ya Berkeley. Simama mwaloni asubuhi, baada ya mitumbwi kurudi na taa zake kuzimwa: ndagala wamemwagwa juu ya mchanga au juu ya vichanja, kina mama wanawatandaza kwa fagio la vijiti ili jua liwashike sawasawa, na kati ya fungu na fungu anapita mbwa mwembamba mwekundu, akinusa, akilamba, mara akiinua mguu penye nguzo ya kichanja, hata mtoto aliyewekwa kulinda amrushie jiwe. Jiwe likimpata barabara, mbwa hukimbia. Lisipompata barabara, hugeuka. Shughuli ya kiwanja yaanzia hapo, katika kile kidonda kidogo cha mguuni ambacho mtoto aghalabu humficha mama yake kwa kuogopa kukemewa.

Kwani kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa kidonda. Virusi vyake huingia kwa mate, vikasafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuuelekea ubongo, na safari hiyo yaweza kuchukua majuma kadhaa, au miezi miwili mitatu, pengine hata mwaka, muda ambao aliyeumwa huwa mzima kabisa na watu wameshasahau habari ya mbwa. Lakini dalili zikisha kudhihiri, tabibu hana tena la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa maumivu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wao katika Afrika na Asia, na takriban 40 katika kila 100 ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa hiyo, ijapokuwa chanjo ya kumwokoa mtu aliyeumwa imejulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwezi wa Julai 1885, njia nyepesi na ya gharama ndogo zaidi ni kumchanja mbwa mwenyewe kabla hajamuuma mtu. Na kumchanja mbwa, si mmoja bali mamia kwa siku moja, kwahitaji mahali.

Basi kiwanja ninachokishauri mimi ni kiwanja cha chanjo kwanza, na mambo mengine yote, ya mazoezi, ya kumfunza mbwa utii, ya kumweka aliyepotea mpaka mwenyewe apatikane, yafuate nyuma. Wenye ilimu ya maradhi haya wamekubaliana kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali, na kazi hiyo ikarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sababu ya kurudiwa ni kwamba mbwa wa vijijini hana umri mrefu: kila mwaka wengi hufa na wengi huzaliwa, hata kundi lililokuwa limekingwa vema mwezi wa Julai huwa, Julai ya pili ikifika, limejaa wageni wasioijua sindano. Kandokando ya Serengeti kazi hii ilianza mwaka 1996. Kisiwani Pemba nako, ambako kichaa kilikuwa kimeingia upya, chanjo iliyorudiwarudiwa ilikiondoa. Na Pemba ni nchi ya Waislamu kuliko ilivyo Rumonge, wala dini yao haikuwazuia watu kumleta mbwa mbele ya sindano. Nitalirudia neno hili la dini baadaye, kwa kuwa wapangaji wengi hulipita kwa haraka.

Sharti la awali, kabla ya kununua hata kamba ya kupimia, ni kujua ardhi ni ya nani. Mahali pengine swali hili hujibiwa kwa waraka mmoja. Rumonge halijibiwi hivyo. Baada ya maafa ya mauaji yaliyoanza tarehe 29 Aprili 1972, umma wa watu wa mwambao huu ulivuka kwenda Tanzania na Kongo, na nyuma yao mashamba yakashikwa na watu wengine au yakatiwa katika miradi ya michikichi. Kisha wenyewe, na wana wao waliozaliwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, walipoanza kurejea, wakawakuta juu ya ardhi ya baba zao watu ambao nao walikuwa wamezeeka papo hapo na kuzika wazazi wao papo hapo. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza mashauri ya namna hii kwa miaka mingi, na hukumu zake ziliacha wengine wameridhika na wengine wana uchungu. Kwa sababu hiyo usichague kipande cha ardhi kwa kuwa tu kiko wazi. Katika Rumonge ardhi iliyo wazi mara nyingi ni ardhi yenye maneno, na kuwatengea mbwa ardhi ambayo mtu anaidai kuwa ni kaburi la babu yake ni kutafuta fitina ambayo hakuna chanjo yake.

Nashauri hivi. Mwendee mkuu wa mtaa na nyumbakumi, kisha wazee wa pande zote mbili, waliobaki na waliorudi, kila mmoja nyumbani kwake, kwa hodi na kwa adabu, wala si kwa kuwaita mkutanoni ambako mtu huona haya kusema lililo moyoni. Ukimwuliza mzee, “Shikamoo, mzee wangu, tueleze, hapa palikuwa pa nani kabla ya mwaka wa sabini na mbili?” utapata kwa nusu saa habari ambazo ofisi haitakupa kwa mwezi mzima. Wakisema wote neno moja, liandikwe mbele ya mashahidi, ndipo uende kwenye ofisi ya ardhi ya komuni, kwani sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imeziwekea komuni njia ya kuandikisha ardhi na kutoa vyeti. Tena usiombe milki. Omba ruhusa ya kuitumia ardhi kwa muda uliotajwa, miaka mitano kwa mfano, kwa sharti kwamba wenye mji wakiihitaji kwa shule au zahanati itarudishwa. Mtu hutoa kwa moyo mweupe zaidi kitu anachojua kwamba atarudishiwa.

Kuhusu mahali penyewe, ziwa litakushawishi, nawe ukatae. Ufuo una upepo mwanana na maji yasiyoisha, lakini sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imekataza kujenga katika ukanda wa mita 150 tangu ukingo wa Tanganyika, na hata kama sheria ingenyamaza, ziwa lenyewe limeshasema: mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakaingia mitaani. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa halipungui kwa siku mbili tatu kama mto wa mvua, bali hukaa miezi, na ua uliozama miezi hauna nguzo iliyo nzima. Zaidi ya hayo, ufuoni wako mamba, ambao mbwa anayekunywa maji huwa kwao karamu, na wako konokono wa kichocho, ambao hawabagui mguu wa mchungaji wa mbwa na mguu wa mvuvi. Pande za juu, kuelekea milimani, ukipanda sana utaikaribia hifadhi ya misitu ya Rumonge yenye sokwe, na kusini iko hifadhi ya Kigwena. Huko nako usipeleke mbwa. Mwaka 1994 maradhi mengine ya mbwa, si kichaa, yaliwafikia simba wa Serengeti, na sababu iliyotajwa ni mbwa wa vijiji vya jirani. Takriban thuluthi ya simba ilikufa. Mbwa wa Rumonge akimwachia sokwe maradhi au akamfukuza, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Basi tafuta mahali pa katikati: juu ya mahali maji yalipofika mwaka 2024, penye mwinamo mdogo ili mvua ya Machi na Aprili ishuke isituame, karibu na njia ili daktari wa mifugo afike na sanduku lake la barafu. Pasiwe karibu na machinjio, kwani mbwa akila matumbo mabichi ya kondoo na mbuzi hupata tegu ambaye mayai yake, yakiingia mwilini mwa binadamu, hufanya uvimbe wa maji katika ini na mapafu. Pasiwe uwanja wa watoto wa kuchezea mpira, kwa sababu ya minyoo. Nusu hekta yatosha.

Sasa neno la jirani. Rumonge ni mji wenye Waislamu wengi, na una mtaa unaoitwa Swahili, ambako mtu aliyetia udhu akaguswa na mate ya mbwa yuajua kwamba, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa mwambao, ameingiwa na najisi nzito, isiyotoka ila kwa kuoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mpangaji asiyejali jambo hili ataandikia mbwa kiwanja njiani mwa watu wa sala ya alfajiri, kisha astaajabu kwa nini ua wake wavunjwa. Wala si haki kudhani kwamba Waislamu ni adui wa mbwa: sharia imemruhusu mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda, na kila mtoto wa chuo amesikia habari ya mbwa aliyelala mlangoni na watu wa pangoni, na ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wanachokitaka ni umbali na maji. Wape vyote viwili. Mlango wa kiwanja usielekee njia ya msikitini. Mbwa wote, kutoka nyumbani mpaka langoni, wawe wamefungwa kamba. Na hapo langoni pawe na bomba, sabuni, na udongo safi ndani ya chungu chenye mfuniko, ili mwenye kutaka kujitohara ajitohari kabla hajarudi kwake. Shehe na ashauriwe juu ya mahali pa bomba hilo kabla saruji haijamwagwa, si baada yake. Naye padri vilevile asisahauliwe, maana mbwa wa Wakristo ndio watakaokuwa wengi.

Bomba hilo hilo lina kazi ya pili, ambayo mganga ataisifu zaidi ya shehe. Mtu aliyeumwa na mbwa, awe ndani ya kiwanja au popote mjini, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 zisizopungua, kisha aende hospitali siku ile ile kwa sindano. Asipake mafuta ya mawese, wala majivu, wala pilipili, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Maneno haya yaandikwe ukutani kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya bomba.

Kwa habari ya ua, wengi watapendekeza miyenzi, ule mti wa utomvu mweupe ambao Warundi huupanda kuzunguka nyumba zao, kwa kuwa haugharimu kitu na huota popote ukichomekwa. Mimi siupendekezi. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza, na mbwa hupenya ua kwa kutanguliza uso. Afadhali nguzo za mkaratusi zilizopakwa oili chafu upande wa chini ili mchwa wasizile, na wavu wa seng'enge wenye kimo cha mita moja na nusu, uliozikwa ardhini kiasi cha shibiri moja na nusu kwa ajili ya wachimbaji. Kisha, ukipenda ua wa kijani, panda mianzi kwa nje. Lango liwe la milango miwili yenye kijiua kidogo kati yake, mtu aingie wa kwanza, aufunge, ndipo aufungue wa pili. Bila hivyo kila aingiaye na mbwa mmoja atatoa wawili. Kivuli kipatikane kwa miembe au mwarobaini, si kwa michikichi, ambayo makuti yake yana miiba na tunda lake lililoiva huwagombanisha mbwa. Maji ya kunywa yawe ya bomba la Regideso, shirika la maji la nchi, au ya kisima kilicho salama, katika hori fupi la saruji lenye tundu la kumwagia, limwagwe kila jioni, kwani mwambao huu unajulikana kwa kipindupindu na kwa malaria, na maji yaliyolala hufuga mbu. Kinyesi kizolewe kwa beleshi kitiwe katika shimo lenye mfuniko, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Upande mmoja wa kiwanja utengwe kwa wavu uwe wa wachanga na wadogo. Mbwa jike aliye katika majira ya kutaka dume asiingizwe kabisa, na chakula kisiletwe: haya mawili ndiyo yaletayo vita vingi.

Siku ya chanjo yataka uangalifu kuliko ujenzi wote. Tarehe wasiichague watu wa ofisi peke yao. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa, na taa haivuti samaki wakati wa mbalamwezi, hivyo siku za mwezi mpevu ndizo ambazo wanaume wengi wako nyumbani na wana nguvu ya kumshika mbwa mkali. Siku nyingine wamelala, na mbwa huletwa na mtoto wa miaka minane aliyemfunga kwa mkanda wa suruali. Chukua basi Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, katika kiangazi, kati ya Juni na Septemba, baada ya kazi za pamoja za umma za asubuhi, wakati watu wameshakusanyika na mkuu wa mtaa anasikika. Ijumaa usiiguse, wala Jumapili. Watu waje kwa zamu, mtaa kwa mtaa, kwa saa zilizotangazwa, wasimame mbali mbali kivulini, waingie kwa lango na kutokea kwa tundu la upande wa pili, ili aliyechomwa asikutane uso kwa uso na asiyechomwa. Watoto wa mbwa nao wachanjwe, usiwarudishe kwa sababu ya udogo wao, kwa maana mwakani huenda ndio watakaokuwa wakali wa mtaa. Kila aliyechanjwa avishwe shingoni utepe wa rangi ya mwaka huo, na jina la mwenyewe liandikwe daftarini. Jioni vijana wawili wapite mitaani wakihesabu wenye utepe na wasio nao, na hapo utajua kama umefika 70 katika 100 au umejidanganya. Chanjo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, lakini umeme ukikatika usiimwage kwa hofu kabla ya kumwuliza mganga wa mifugo: majaribio yaliyofanywa Tanzania yalionyesha kwamba aina moja ya chanjo hii ilibaki na nguvu yake baada ya kukaa miezi mitatu katika joto la digrii 30.

Fedha sitaiongelea sana. Ada ikitozwa siku ya chanjo, maskini atabaki nyumbani, na mbwa wa maskini ndiye anayezurura. Kwa hiyo chanjo iwe bure, na gharama ya mlinzi, sabuni na mfuniko wa shimo itokane na ada ndogo ya wale watakaokitumia kiwanja siku nyingine kwa kuwafunza mbwa wao, wenye maduka, wenye maghala na wenye nyumba za wageni za ufuoni, ambao mbwa kwao ni askari. Mlinzi awe mtu mmoja anayejulikana, mwenye ufunguo na daftari, alipwe kila mwezi bila kucheleweshwa. Kiwanja kisicho na mlinzi huwa, kabla ya mwaka kuisha, shamba la muhogo la mtu.

Nawasihi basi wakuu wa mitaa ya Rumonge, kabla ya kuzungumza juu ya seng'enge na saruji, wafanye jambo moja lisilogharimu faranga: watume vijana wahesabu mbwa, nyumba kwa nyumba, wenye bwana na wasio na bwana, na hesabu hiyo waipeleke kwa mganga wa mifugo wa komuni na kumwomba chanjo za kiangazi kijacho. Akishajua idadi, aweza kuagiza; asipoijua, hata kiwanja kikiwa kizuri namna gani hatakuwa na cha kuleta.